Mchumba wa Bwana Sketi Aende Wapi?

"Aondoke! Huyo mchumba afungashe aondoke zake, tumalize hadithi!"

Jaji aliyasema hayo huku amebana pini mdomoni, kwa hiyo sauti ilitoka kama ya mtu mwenye jino bovu. Simu ilikuwa imeegemea cherehani, pazia la mteja limemfunika magoti yote, na kidole kimekaza kwenye kitufe cha kurekodi.

"Mapenzi si foleni ya benki, jamani, eti aliyetangulia kuketi ndiye ahudumiwe kwanza. Bwana anampenda binti mhunzi. Binti mhunzi anampenda Bwana. Sasa huyo mchumba anang'ang'ania nini pale katikati kama mfupa wa samaki? Mimi nimemaliza."

Na Jaji akimaliza, kundi zima limemaliza. Ndiyo maana wakamwita Jaji. Kazi yake kushona mapazia, lakini kwenye kundi la simu lililoitwa Wake za Bwana Sketi, neno lake ndilo lilifunga kesi.

Mama Pacha, jirani mwenye mapacha na maswali, akajibu kwa sauti, watoto wakilia nyuma yake.

"Jaji, wewe nawe. Aondoke aende wapi na baridi ile? Si mlisema huko Uskoti theluji inafika magotini?"

"Atajua mwenyewe."

Mkunga naye, mama wa wodi ya wazazi, akaandika: "Mimi hayo ya mchumba hayanihusu. Nataka Bwana avae suruali. Mlima ule, upepo ule, na sketi ile? Atakuja kunisumbua wodini."

Vicheko vikamiminika. Aliyenyamaza alikuwa mmoja tu, naye ndiye mwenye kitabu.

Kitabu chenyewe kilikuwa kinene kama tofali, cha Kiingereza, cha mapenzi ya zamani huko Uskoti. Jaladani kuna mwanaume kifua wazi, sketi ya miraba, anaangalia milima kana kwamba milima imemkosea. Redio alikiokota kwenye boksi la vitabu vilivyotupwa nyuma ya duka la dawa alikofanya kazi. Redio ni mdogo wake Jaji, mtoto wa mama yake mdogo, na jina alilipata kwa sababu ya sauti yake: akikusomea maelezo ya dawa ya minyoo utadhani anakutongoza. Wenzake walikuwa na pasi za kupiga, watoto wa kuogesha, zamu za kuwahi. Nani akae na tofali la Kiingereza? Basi Redio akawa anasoma peke yake, halafu kila jioni anawasimulia kwa Kiswahili, sauti ndefu ndefu. Wao wakisikiliza wanatoa maoni. Jaji anahukumu.

Hadithi ilikuwa hivi. Bwana wa ngome kachumbiwa binti wa ukoo jirani ili vita iishe. Mchumba mwenyewe mtu wa watu, mchapakazi, hana neno. Siku moja daraja la ngome, lile la kuinuliwa kwa minyororo, likakwama katikati na binti mhunzi, mtoto wa mfua vyuma wa ngome, yuko juu yake analia. Bwana akagonga mbao mara mbili kwa vifundo vya vidole, kama desturi yake, akapanda, akamshusha. Ndipo moto ulipowaka.

Siku ya sura hiyo Jaji alicheka mpaka uzi ukakatika.

"Kama wangu! Wangu naye hagusi lifti kabla ya kuigonga mara mbili! Eti anaisalimia!"

Wangu ni Fundi Lifti, mchumba wake, ambaye harusi yao ilikuwa imebaki wiki chache tu.

* * *

Hajatoa hata zile pini mdomoni, simu ikaita. Redio.

"Dada."

"Nambie, mtangazaji."

"Ile hukumu yako. Ulikuwa unasema kweli au unachangamsha watu?"

"Hukumu gani?"

"Kwamba mchumba aondoke."

"Sasa akae afanye nini? Ahesabu nguzo za ngome?"

Redio akavuta pumzi. "Hebu niambie. Ungekuwa wewe ndiye mchumba. Wewe, dada yangu. Ungefanyaje?"

Jaji akaangalia kitambaa kilichokunjwa kwenye kiti cha pembeni. Rangi ya mchanga, bitana nyeupe, pindo la kushonwa kwa mkono. Kile hakikuwa cha mteja. Kilikuwa cha chumba chake mwenyewe, nyumba mpya, dirisha linaloangalia asubuhi.

"Mimi? Ningewashukuru kwa kuniambia, nikabeba sanduku langu. Mwanaume asiyenitaka nimng'ang'anie, nimfanye pambo la ukutani?"

"Na huyo binti mhunzi ungemchukia?"

"Nimchukie kwa lipi? Kupendwa?"

Upande wa pili pua ikavutwa.

"Redio? Unalia?"

"Vumbi, dada. Tunapanga maboksi."

"Funika pua. Na kesho utuletee sura ndefu, ya juzi ilikuwa kama tangazo."

* * *

Jioni akaenda nyumba mpya kupima. Fundi alikuwa juu ya ngazi, drili mkononi, anafunga bomba la pazia. Kabla ya kutoboa akagonga ukuta mara mbili kwa vidole. Jaji akatabasamu peke yake pale mlangoni.

"Umeusalimia ukuta?"

"Eh, umefika." Hakugeuka.

"Nimefika mimi na mapazia yetu. Shuka unibusu, au mpaka ukuta ukupe ruhusa?"

Akashuka. Akambusu kwenye paji la uso, kama mtu anayebandika stempu. Kisha akaokota bisibisi, akaiweka, akaiokota tena.

"Kitabu chenu kimefika wapi?"

"Ha! Leo umependa vitabu? Wewe ambaye hata maelekezo ya jiko hukuyasoma?"

"Nauliza tu."

"Bwana yuko njia panda. Mchumba huku, binti mhunzi kule."

"Na wewe umesemaje?"

"Nimesema mchumba aondoke."

Bisibisi ikaanguka, ikabiringika mpaka chini ya dirisha.

"Umesema kweli? Kutoka moyoni?"

"Mbona leo mnaniuliza kama polisi? Wewe unauliza, Redio anauliza. Ni Waskoti hao! Wameshakufa wote!"

Fundi akafungua mdomo. Kuna kitu kilikuwa kimefika pale kwenye ulimi wake. Jaji baadaye angekumbuka jinsi koo lake lilivyopanda na kushuka, kama lifti isiyojua isimame ghorofa ipi.

"Shika ncha ile," Jaji akasema, "nione kama pindo linagusa sakafu."

Akashika ncha. Neno likarudi chini.

* * *

Sura iliyofuata ilikuwa fupi, na sauti ya Redio ilikuwa imepauka.

"Binti mhunzi ameamka anajisikia vibaya. Harufu ya moto wa baba yake inamchefua. Amegundua ana mimba ya Bwana. Bwana ameahidi kumwambia mchumba, lakini kila akimwona anakosa nguvu. Jamani, nipeni maoni. Binti mhunzi afanyeje?"

Mkunga kama kawaida akaichukua kikazi: "Mwambieni asinyanyue nyundo. Ale kidogo kidogo. Na anywe maji, hata kama ni ya theluji."

Mama Pacha: "Mwanzo ni mmoja, mwisho wanatoka wawili. Mimi namwonea huruma."

Jaji: "Bwana ni mwoga tu. Mchumba akiambiwa ataelewa. Mtoto hana kosa. Waoane hao, tupige vigelegele."

Jioni ikapita. Kesho yake mchana, karakana ya mapazia inavuma kwa cherehani, bosi anagombana na mteja kuhusu rangi, simu ya Jaji ikatikisika juu ya meza ya kukatia. Ni Mkunga, na alikuwa ameandika kwa herufi kubwa kama anayeita daktari.

"JAMANI. Kuna mgonjwa kaja na kitabu chetu kilekile! Bwana Sketi yuleyule, kifua kilekile. Nimekiazima. Mbona hakuna binti mhunzi?"

Mama Pacha: "Mkunga usitufunulie mwisho!"

"Nifunue mwisho gani? Natafuta mwanzo! Bwana na mchumba wanaoana mapema tu, wanapendana hao, hadithi nzima wanapigana na maadui. Mhunzi yupo, lakini ni mzee, hana mtoto. Daraja la minyororo halipo. Na Bwana hagongi kitu chochote mara mbili."

Jaji akaandika akicheka: "Redio katupiga changa la macho! Katutungia! Redio uko wapi, mwongo mkubwa wewe?"

Akatuma. Akashika mkasi. Akaanza kukata.

Mkasi ukasimama katikati ya kitambaa.

Hagongi kitu chochote mara mbili.

Kama Redio ndiye aliyetunga, basi ile tabia ya kugonga mara mbili alimpa Bwana yeye. Aliitoa wapi?

Na daraja lililokwama, na msichana juu yake analia. Mwaka jana lifti ya jengo la duka la dawa ilikwama na Redio ndani. Redio alimpigia dada yake akilia. Na Jaji, Jaji mwenyewe kwa mdomo wake, alimpigia Fundi: "Mpenzi, acha kila kitu, nenda kamtoe mdogo wangu."

Harufu inayomchefua. Juzi nyumbani Redio alikimbilia nje sufuria ilipofunuliwa tu. Mama mdogo akasema malaria.

"We mama!" bosi akapiga kelele. "Umekata katikati ya ua! Kitambaa cha mteja!"

Jaji alishautupa mkasi, yuko mlangoni.

* * *

Redio alikuwa kwenye stoo ya duka la dawa, koti jeupe, amekaa juu ya boksi la pamba. Simu mkononi. Alikuwa ameshausoma ujumbe wa Mkunga.

"Dada."

"Ni wa nani?"

"Dada, kaa kwanza..."

"Mimba ni ya nani?"

Redio akaanza kulia bila sauti, yeye ambaye mali yake yote ilikuwa sauti.

"Nilikuwa nataka kukuambia. Kila siku nilikuwa nakwambia."

"Uliniambia kuhusu Waskoti!"

"Nilikuuliza. Nilikuuliza mbele ya kundi, nikakupigia nikakuuliza peke yako. Ukasema utashukuru. Ukasema hutamchukia."

"Binti mhunzi! Nilisema sitamchukia binti mhunzi! Mtu hayupo! Umemtoa kichwani!" Jaji akashika rafu, chupa zikagongana. "Nilikuwa nampa ruhusa mtu wa kitabuni, Redio. Wewe ulikuwa unaipokea?"

"Niliogopa. Nilitaka nijue kwanza utasema nini, kabla hujajua ni sisi. Nikajua ukishajua hutasema ukweli wako, utasema hasira."

"Hasira ndiyo ukweli wangu! Huu hapa, uangalie!"

Mteja mmoja aliyefuata dawa ya kichwa akachungulia kutoka dukani, akaamua kichwa kimepona, akaondoka.

"Mpigie," Jaji akasema.

"Dada..."

"Mpigie, uweke sauti wazi."

Simu ikaita. Ikapokelewa haraka, kama ya mtu aliyeikalia.

"Redio? Vipi, umekula? Bado unatapika?"

Hivyo tu. Jaji alikuwa amejiandaa kwa mambo mengi, siyo kwa upole ule. Hajawahi kuulizwa kama amekula kwa sauti ile.

"Ni mimi," akasema.

Huko kwake kengele ya lifti ikalia, milango ikafunguka, ikafungwa.

"Jaji wangu."

"Wako nani?"

"Nilitaka kukuambia juzi. Kwenye mapazia."

"Ukashindwa nini?"

"Nilikuwa naogopa. Halafu Redio akanisikilizisha sauti yako. Ile ya kundini. Nikasema labda... labda utaelewa. Si ulisema mwenyewe, mapenzi si foleni ya benki?"

Jaji akaiangalia ile simu. Maneno yake mwenyewe, aliyoyatema kwa utani akiwa na pini mdomoni, yalikuwa yamesafiri mpaka kwenye sikio la mwanaume wake, yakachezwa, labda yakarudiwa, na wawili hawa wakapumua. Walifurahi. Siku ile walifurahi, naye alikuwa anashona pindo lao.

"Unampenda?" akauliza.

Fundi hakujibu haraka. Na kule kuchelewa kukampa Jaji tumaini, jamani, moyo wa mtu hauna akili hata kidogo.

"Ndiyo," akasema Fundi.

Redio akaziba uso kwa koti lake jeupe. "Nisamehe. Dada, nisamehe. Tulilala kitanda kimoja mimi na wewe tangu nina meno ya utoto, sina dada mwingine."

"Na mimi sina," akasema Jaji. "Ndiyo maana nilimtuma aje akutoe."

* * *

Njiani mama mdogo akapiga.

"Mwanangu, Redio kanipigia, hata kuongea hawezi. Njoo nyumbani tukae tuzungumze."

"Nyumbani wapi, mama?"

"Hapa! Kwenu! Nimekulea tangu mama yako alipofumba macho, leo unauliza wapi?"

"Na Redio atakuwepo?"

Mama mdogo akasita. "Sasa katika hali ile nimfukuze aende wapi, mwanangu? Wewe ndiye mkubwa. Na mtoto hana kosa."

Hata hilo alishalisema yeye. Ilionekana kila kitu alichokuwa nacho cha kusema alikwisha kukisema, tena mapema, tena kwa watu wasiohusika.

"Sawa, mama."

"Unakuja?"

"Sawa, mama," akarudia, akakata.

Nyumba mpya ilikuwa wazi. Akapanda ngazi iliyoachwa chini ya dirisha, akaanza kuyatoa mapazia kwenye bomba, ringi moja baada ya nyingine. Mwanga wa jioni ukaingia chumba kizima, ukaonyesha kila kitu: vumbi la drili, bisibisi pale ilipobiringika, kitanda bado kwenye nailoni.

Mlango ukagongwa mara mbili.

Alikaribia kutabasamu. Mwili ulikuwa bado haujapewa habari.

"Shuka utaanguka," Fundi akasema.

"Nimeshaanguka. Nipishe."

"Tungeongea."

"Mmeshaongea. Mliongea na mchumba wa Bwana Sketi mkaelewana. Mimi sikuwepo."

"Nyumba unaweza kubaki nayo kwa sasa. Mimi nitatafuta pa kukaa."

"Nibaki na dirisha?"

Akakunja pazia kwa ufundi wake wote, pembe kwa pembe. Fundi akanyoosha mkono kushika ncha ya pili, kama juzi. Jaji akaivuta. Akayabana yote kifuani, mazito kama mtoto aliyelala, akatoka.

* * *

Karakana ilikuwa imefungwa, lakini funguo alikuwa nazo. Akaketi kwenye kiti chake, mbele ya kile kitambaa cha mteja kilichokatwa katikati ya ua. Kundini watu walikuwa wanapiga kelele. Mama Pacha alikuwa anataka hadithi iendelee, ya uongo au ya kweli, yeye hajali. Redio hakuwa ameandika kitu. Mkunga, ambaye kazi yake ilimfundisha kuhesabu miezi na kusoma nyuso, alikuwa ameandika mara moja tu: "Jaji, uko salama?"

Jaji akabana kitufe.

"Haya, sura ya mwisho nawasimulia mimi. Bwana alimpenda binti mhunzi tangu siku ya daraja. Aliyemtuma Bwana kwenye daraja alikuwa mchumba mwenyewe, hilo msimulizi wenu alilisahau. Halafu wakaogopa kumwambia. Wakawauliza watu wa kijiji, tena wakamuuliza na yeye, kwa mafumbo, kana kwamba ni habari za mbali. Naye akacheka, akasema aondoke. Akasema mapenzi si foleni ya benki. Kijiji kikampigia makofi. Basi wakachukua lile neno lake wakalala nalo vizuri. Kwa hiyo hakufukuzwa na mtu. Alijifukuza mwenyewe, kabla hajajua kuwa ni yeye. Bwana na binti mhunzi watapata mtoto. Mtoto hana kosa. Mwisho."

Akaachia kitufe. Sauti ikaondoka.

Chini ya sauti ile pakaonekana kwamba Redio ameisikiliza. Hakuandika. Mkunga akaanza kupiga simu. Jaji akaiacha iite mpaka ichoke.

Mwishowe akaja Mama Pacha, maskini, ambaye alikuwa anaogesha watoto na hakuelewa hata kidogo.

"Jaji, umesimulia vizuri mpaka nimelia, nikajimwagia maji. Lakini sasa mchumba alienda wapi? Na baridi ile?"

Nje giza lilikuwa linaingia. Karakana haikuwa na kitanda, ila ilikuwa na mapazia ya kutosha. Jaji akayatandika yake ya rangi ya mchanga juu ya meza ya kukatia, bitana juu. Akashika simu, akaandika jibu. Akalifuta. Akaandika lingine.

Akalifuta na hilo.